Kipanga Ubavuni mwa Tangi

Miaka kumi na tisa namchora kipanga
ubavuni mwa tangi, kwa brashi ya nywele mbili,
hapa Gofu, nyuma ya reli.
Pikipiki yetu hukohoa kabla ya kuwaka.
Kule Muheza wake za madereva huijua kwa kikohozi,
hutoa komeo kabla taa haijakata kona.

Sasa zimekuja za betri. Zapita Barabara ya Ishirini
kama paka aliyeiba samaki.

Mwenye kiwanda ametulipa nusu,
nusu nyingine ametupa kwa mdomo:
"Mambo yatakaa sawa."
Semhando wa injini hakujibu. Alifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

Leo ameniuliza, kama mzaha:
hiyo ya betri, tangi lake liko wapi?
Tukacheka. Kisha tukanyamaza,
maana halipo.

Nimebakiwa na rangi nyekundu, robo kopo.
Mdomo wa kipanga hula tone moja,
jicho, nusu tone.
Nimepiga hesabu mara mbili.

Mchana nimemchora mmoja
anatazama nyuma.
Hakuna aliyenikemea.