Hori

Ijumaa, jua halijavuka mlima,
pikapu kumi na moja zashuka wadi kwa gea ya kwanza,
kila moja na chombo chake mgongoni
kama watu wanaorudisha jeneza tupu msikitini.
Nchi hii haina mto. Ina wadi,
na wadi ikibakiza maji baada ya mvua
twaiita mto, na Mungu hutusamehe.

Mimi ni wa mwisho. Mwanamke peke yangu,
mhasibu wa Ruwi, kucha zimejaa lami.

Marhun kaipaka yake vanishi, tabaka tisa:
ukiinama waona meno yako.
Thuwaini haamini vanishi. "Chombo hula sifa,"
asema, na afungua kopo la mafuta ya ini la papa.
Sote twahamia upande upepo unakotoka.
Wabishana tangu chai ya kwanza hadi ya nne,
huyu na sifa za mdomo, yule na sifa ya papa,
na inayonuka ndiyo inayozuia maji.

Yangu haina sifa yoyote.
Niliikuta Al-Kamil, uani kwa Bi Shinuna,
imejaa majani makavu hadi ukingoni,
mbuzi kumi na wanne wameinamia,
safu mbili, kama wapiga kafi.
"Nauliza bei ya hori," nikasema.
"Ipi?" Kiswahili chake kilizaliwa Tabora, hakikuhama.
"Ya kulishia au ya majini?"
Tukatazamana.
Neno moja, na kitu chenyewe kimoja.

Baba yake aliinunua Sur, gogo la Malabari
lililochimbwa kwa tezo, halina msumari hata mmoja.
Ikapanda bara juu ya lori la tende,
na tangu hapo haikulowa ila kwa mate ya mbuzi.
Nilimpa riali arubaini
na pipa la plastiki la buluu, limekatwa kati.

Miezi saba, nyuma ya maegesho.
Nikakwangua. Nikashindilia pamba nyufani.
Jirani wa ghorofa ya tatu akalalamika kwa maandishi.

Sasa naishusha, na hakuna anayesema kitu.
Maji yaingia kwa adabu:
uzi, kisha kidole, kisha mkono mzima.
Mbegu zilizokwama humo tangu sijazaliwa
zatoka nyufani na kuelea.
Mbegu zaelea. Chombo, la.
Mtu akacheka. Namjua, simtaji.

Kunjumon, seremala wa Beypore,
aliyeitwa kushika kamba tu,
akavua kandambili, akaingia hadi kiunoni,
akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti.
"Ina kiu," akasema, kwa Kiarabu cha bandarini.
"Izamishe."

Jiwe la kwanza niliweka mimi.
Miezi saba yangu ikashuka taratibu,
ikatoa povu mara mbili, ikanyamaza.
Usiku nililala garini, yaani sikulala.

Jumamosi tukatoa mawe, moja moja,
tukayakumba maji kwa sufuria ya wali.
Ikapanda.
Nikakaa ndani, nikangoja uzi ule.
Hakuna. Mti umevimba, umefumba midomo.

Nikapiga kafi. Ikazunguka.
Nikapiga tena, ikazunguka tena:
miezi saba, na hilo sikujifunza.
Nikapiga duara mbele ya wanaume kumi,
vanishi yao na sifa yao,
nikicheka hata kafi ikaniponyoka.

Adhuhuri, simu. Bi Shinuna.
Hakuuliza kama imeelea.
"Lile pipa lako," akasema, "mpaka leo hawalitaki.
Nawamwagia chini.
Wanasimama palepale ilipokuwa,
safu mbili, mwanangu,
wameacha nafasi katikati."