Mara ya Mwisho Kukuona Mzima

Daktari yuko maili mia na kumi kutoka hapa,
uso wake si mkubwa kuliko kisahani cha chai,
umefungwa kwa mkanda wa raba kwenye nguzo ya machela.
Nyuma yake naona kabati, na koti juu ya kiti.
"Bwana Stamper, naitwa Venkataraman.
Nionyeshe meno."

Nawe, Delbert, uliyecheka kwa upande mmoja maisha yako yote,
unacheka kwa upande mmoja.
Nataka kumwambia: hivyo ndivyo alivyo, daktari,
tangu ana miaka kumi na tisa, cheko hilo ndilo lililoniponza.
Lakini si upande ule.

"Inua mikono yote miwili."
Wa kushoto unatii.
Wa kulia, uliochimba makaa miaka thelathini na moja,
unashuka polepole
kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

Kayleen anakuonyesha picha. Ufunguo.
"Jumanne," unasema.
Unyoya. "Jumanne."
Glavu, na sasa umekasirika, unatutazama sote kama wajinga:
"Jumanne!"
Leo Alhamisi.

Kwenye kona ya Harless mtandao unakatika.
Daktari anaganda, mdomo wazi,
shavu moja limemeguka vipande vya rangi.
Kwa muda mko wawili
msioweza kumaliza neno.
"Ni mlima," anasema Kayleen. "Tukivuka daraja atarudi."
Dereva anakanyaga mafuta. Mvua. Hakuna anayesema kitu.

Anarudi na swali:
"Mama, mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?"

Mzima upi?
Kabla mwamba haujachukua vidole viwili?
Kabla vumbi halijahamia kifuani?
Anataka saa, mama. Saa na dakika.
Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda,
na dawa hiyo ina saa zake.

Basi ikabidi niseme, mbele ya mtoto wa jirani:
tulikuwa tumenuniana.
Tangu chakula cha jioni sikukutia machoni.
Mimi jikoni, wewe sebuleni, mlango katikati,
na bili ya umeme mezani.
"Ila nilimsikia. Alikuwa akipiga mluzi.
Makusudi, kuniudhi."

Daktari anasogea, anajaa kishikwambi kizima.
"Mluzi safi? Haukukatika?"
"Wimbo mzima, mpaka mwisho. Halafu akaurudia."
"Saa ngapi?"
"Saa mbili na nusu. Taarifa ya hali ya hewa ilikuwa ikianza."

Anaandika.
Anasema midomo yote miwili ilikuwa kazini, basi,
na anageuka kuongea na mtu nisiyemwona:
waandae mashine ya picha, waweke dawa karibu.

Saa nne na dakika tano.
Nimeshika ule mkono usionishika.
Najaribu kukupigia mluzi, wimbo uleule wa kero,
na midomo yangu, mizima yote miwili,
inatoa upepo tu.