Nusu Mbili za Sumaku

Iliponiponyoka Jumanne ikagonga saruji,
sumaku ya baba ilitoa sauti ya kikombe cha udongo,
si ya chuma.
Miaka yote hiyo nilidhani nina chuma kinachopenda chuma,
kumbe nina kigae.

Baba aliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa,
akaivika mfuko wa nailoni, akashuka nayo Chunya.
Huko dhahabu huja imejichimbia ndani ya mchanga mweusi,
na mchanga mweusi ukiiona sumaku husimama wima
kama vinyweleo asubuhi ya Julai.
Unavua mfuko, mchanga unadondoka. Unarudia.
Kinachobaki kwenye karai ndicho ulichokifuata:
kile ambacho sumaku haikukitaka.
Baba alicheka kila alipofika hapo.
Alirudi na sumaku.

Kwangu Mwanjelwa, kibandani nyuma ya wauza viazi,
kazi yake ilikuwa kukamata skrubu zisipotee
na kuumbua watu. Koki ya Mwasomola,
aliyoapa kwa mamaye kwamba ni shaba tupu,
ilinata, ko! Ngozi ya shaba, moyo wa chuma.
Sufuria inaipita bila salamu.
Kijiko kimoja inakishika, pacha wake inamwacha,
sijui kwa nini, na vijiko havisemi.

Mimi ni mtu wa gundi.
Gundi haiulizi wewe ni nani. Inauliza: umenawa?
Soli, kioo cha pikipiki, mpini wa kisu,
meno ya bandia ya mama Sekela (nilikataa, akalia, nikagundisha),
vyote hupita kwenye msasa, vyote hufutwa kwa petroli.
Wateja hununa: nimekuletea kitu kinang'aa, unakikwaruza!
Uso laini ni mlango usio na kitasa, nawajibu,
gundi itashika wapi?
Grisi ya kidole kimoja inatosha kuniaibisha.
Ndoo ya plastiki imenishinda. Nimeiandika ukutani
ili tusigombane.

Nikaziokota nusu mbili.
Mpasuko kwa mpasuko, zilale kama jana.
Zikasukumana.
Saa nne zilikuwa mwili mmoja; saa nne na robo
kila moja inamkwepa mwenzake, inapinduka vidoleni,
inataka kumpanda mgongoni, popote,
ila si pale zilipoachania.
"Kama ndugu na shamba la urithi," akasema Lugano,
kijana wangu wa kazi.
Nikamwambia alete mirija miwili.

Nusu kwa nusu, nikakoroga kwa njiti ya kiberiti.
Jiliwa halikufaa: ni la chuma,
kila nusu ilikimbilia taya lake.
Nikatafuta vibao, nikazungusha mpira wa ndani wa baiskeli,
nikakaza hadi vidole vikafa ganzi.
Boksi linasema dakika thelathini.
Aliyeandika hajalala Mbeya,
ukungu wa Loleza ukishuka hadi kwenye bati
na gundi ikajikunja kama mtu asiye na blanketi.
Nikaisogeza karibu na jiko, si karibu mno.
Moto ukizidi, sumaku husahau.

Asubuhi nikafungua mpira.
Nikasogeza kiganja chenye skrubu: zikaruka.
Kwenye mshono tu hazisimami sawa,
zinainama, hii huku, ile kule.

"Zimepatana," akasema Lugano.
Hazijapatana. Zinasukumana humo ndani sasa hivi,
usiku na mchana, kwa nguvu ileile.
Ni gundi tu haijachoka.
Weka sikio, nikamwambia.
Akaweka. Hakusikia kitu.
Akaenda kufungua mlango, Mwasomola yuko nje
na koki nyingine.