Tu na Ingi

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa mbili usiku,
chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya baiskeli.
Wanafunzi tisa, tyubu moja inayopepesa.
Ubaoni nimepanga vitenzi vya Kiingereza safu mbili,
kama timu zinazopeana mikono kabla ya mechi:
hawa hufuatwa na "tu",
hawa humvuta mwenzao mwenye mkia, ule "ing"
ambao midomo yetu huumalizia: ingi.

Nataka, natumaini, naahidi: tu.
Naepuka, nafurahia, nimemaliza: ingi.
"Kwa nini?" Bi Mwantumu, muuza leso, hapendi bei isiyo na sababu.
Nasema ndivyo walivyozoea.
Anaguna. "Sisi tuna ku yetu moja.
Inapika, inafua, inakwenda gulioni,
ikichoka inakaa kitini na kuwa jina:
kucheka kwako kunaniudhi.
Nani aliwahi kuikatia tiketi mbili?"

Darasa zima likaangua kicheko.
Hoza hakucheka. Hutujia akielekea zamu ya usiku, Pongwe,
saruji ya jana ingali kwenye nyusi.
"Mwalimu," akasema, "tu si kitu kimoja tu?
Na ingi si vitu vingi?"
Alikosea, na akapatia kuliko kitabu changu:
tu, jambo moja lililo mbele, halijashikwa;
ingi, yote yaliyokwisha kutendeka,
yamerundikana nyuma yetu
kama maganda ya machungwa msimu wa Muheza.

Basi nikawafungulia vile vitenzi vigumu,
vinavyokubali huku na huku, na maana ikahama nyumba.
Kumbuka, kwa tu: mlango haujafungwa, nenda.
Kumbuka, kwa ingi: ulifungwa,
kiganja bado kinausikia ubaridi wa komeo.
Nikawapa kazi. Sentensi moja kila mtu,
ya kweli, isitoke kitabuni.

Nyumbani, chai, kalamu nyekundu.
Bi Mwantumu alitaka kusema ameacha kukopesha;
kwa Kiingereza chake amesimama njiani ili akopeshe.
Nikacheka peke yangu, nikakata.
Nikafika kwa Hoza.
Ameandika Kiswahili kwanza, kama kawaida yake:

Sitasahau kumuaga mama.

Chini yake, Kiingereza. Sitasahau, halafu tu.

Mama yake tulimzika Machi.
Mchango wa darasa niliupeleka mimi, ndani ya bahasha ya kaki.
Kwa hiyo ni kosa: kilichopita hudai ingi,
mkono ulioshikwa wodini Bombo, neno lililosemwa.
Kwa tu yake, kwaheri bado haijatoka mdomoni,
ni ahadi, na mama yuko mahali anangoja.

Nikarudi kwenye mstari wa juu.
Ku ilikuwa imekaa pale, imefunga mdomo.
Haikusema alimuaga, haikusema hakumuaga.
Miaka kumi na moja nafundisha tofauti hii,
sikuwahi kuona jinsi ku inavyojua kusitiri.
Mji huu tunautania: waja leo, waondoka leo.
Hatusemi nani aliagwa.

Sikuweka vema, sikuweka kosa.
Kalamu iliacha nukta moja nyekundu pembeni,
ilipokuwa imesimama.

Alhamisi akaiona nukta.
"Hii ni nini, mwalimu?"
Nikamwuliza polepole, wengine wakinakili ubaoni:
"Ulikusudia ingi?"
Akaitazama sentensi yake kama mtu anayekagua mfuko wa saruji,
kama umepasuka au la.
"Nilikuwa zamu," akasema. "Simu ilikuja saa kumi alfajiri."
Kisha: "Tu."

Sijui kama hilo lilikuwa la Kiingereza au letu.
Nikaweka vema, kubwa,
tukafungua ukurasa wa arobaini na moja.