Msanii Asiyejulikana

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gari, ingawa lililala limechomekwa umeme kama mgonjwa,
limekohoa mara mbili, likasusa.
Nimerudi ndani. Nimevua buti moja, nikaishiwa hamu ya kuvua la pili,
nikaketi hivyo, mguu mmoja safarini,
mbele ya kompyuta ya Veikko.

Nyimbo elfu arobaini na moja, mia mbili na sita.
Alizihamisha sahani baada ya sahani,
baridi kumi na moja mfululizo, akifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani.
Nilimwambia: Veikko, binadamu hana masikio ya kutosha.
Akanijibu: theluji nayo hakuna aliyeiagiza,
lakini lazima mtu aipange kando ya njia.

Hakuzipanga kwa alfabeti, wala kwa mahadhi.
Nafungua, nasoma:
*Mwaka waliofunga kiwanda cha karatasi.*
*Kabla ya uchaguzi.*
*Baada ya uchaguzi, usiguse.*
*Mgomo wa bandarini, wiki ya tatu, supu imekwisha.*
Ndani ya mgomo: polka, kwaya ya Walutheri,
na mpiga tarumbeta mmoja anayepuliza kana kwamba anadai mshahara.

Jana alikuja kijana wa chama.
Nilimsimamisha juu ya mkeka, kope zake zikiyeyuka.
Alisema Jumanne baraza litapiga kura:
njia za miguu upande wetu wa mji
zitazolewa theluji siku ya tatu, siyo ya kwanza.
Ni gharama, mama. Kila mtu abebe kidogo.
Nikatazama glavu zake. Mpya, laini, hazijui mpini.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nikamwonyesha dirishani, ng'ambo ya barabara,
ngazi za Delphine na kile kigari chake cha kukokotea,
magurudumu manne madogo kama vifungo vya koti.
Huyu, nikamwuliza, siku ya kwanza na ya pili awe malaika?
Aliandika kitu. Aliniachia karatasi yenye meno yake.
Nimeitandika chini ya buti zinazovuja.

Nasema haya kwa ukali, lakini mimi mwenyewe
niliwahi kukaa nyumbani siku ya kura
kwa sababu kulikuwa na upepo.
Veikko alijua. Folda ya mwaka huo
aliita *Upepo*. Ina wimbo mmoja.

Saa nne. Jua limefika, jeupe, halipashi kitu,
linang'aa tu juu ya maghala ya nafaka na barafu ya ziwa
kama taa ya duka lililofungwa.
Nashuka hadi chini kabisa ya orodha,
mahali mashine inapotupa visivyo na jina:
*Msanii asiyejulikana. Wimbo wa 07. Dakika nne na sekunde tisa.*

Nikabonyeza.
Birika. Kiti kinaburutwa. Sauti ya shemeji Reino
anatetea bajeti, mdomo umejaa mkate wa shayiri.
Halafu Veikko, karibu mno na kipaza sauti:
Reino, wewe ungemtetea hata mbu.
Mtu anacheka hadi anakohoa.
Ni mimi. Sikumbuki siku hiyo hata kidogo.
Kisha, nje, koleo linakwangua saruji,
kwaru, kwaru, nani huyo, maana sote tumo ndani,
na wimbo unakatika katikati ya mkwaruzo.

Mashine inaniuliza: aina ya muziki?
Kishale kinapepesa, kinapepesa.
Nimeandika *siasa*. Nimefuta.
Nimeandika *jikoni*. Nimeacha kwanza.

Mlango wa Delphine umefunguka inchi moja.
Kwa bahati, buti moja tayari nimevaa.