Milimita Nne

Njombe, mwezi wa saba. Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu asiyeinunua,
nami nimejifungia ndani, koti juu ya koti,
nahangaika na kitu kinachoungua.

Nyuzi tisini na nne.
Prosesa, ndogo kuliko biskuti ya chai,
nimeiambia ikimbie kuliko ilivyofundwa,
ikakubali
kwa dakika kumi na moja. Kisha skrini ikawa buluu tupu
na harusi ya kina Mgaya ikakatika
pale pale shangazi anapoinua doti ya kitenge.

Siilaumu feni ya kiwandani.
Ilizaliwa kupoza mashine za kuandikia barua,
si tamaa yangu.
Sasa inalia kama kinu cha kusaga kilichokosa mahindi.

Basi nikashuka Makambako, kwa Ezron Sanga,
nyuma ya duka la mbolea, anakouza vyuma vilivyochoka Ulaya.
Akaanza na kipozaji cha maji: mipira miwili, rejeta,
vitaa vya rangi ya soda.
"Hiki ndicho wanachotaka vijana."
Nikakitikisa sikioni, kama mama anavyochagua mayai.
Kikacheza ndani. Viza.
Nikamrudishia bila neno, akakipokea bila neno,
tukaelewana.

Halafu akashusha mnara.
Mabomba sita ya shaba, mapezi nisiyoweza kuyahesabu bila kupotea,
feni pana kama sahani ya pilau.
Nikaushika: baridi yake ikapanda hadi kwenye kiwiko,
nikajua nimekwisha.
"Themanini na tano."
"Sabini."
"Kwa sabini kaombe sakitu."

Nikampigia dada Ezelina.
Chukua utepe wako, nikamwambia, fungua kava ya kompyuta,
pima toka kwenye prosesa hadi ubavuni.
Nikasikia cherehani ikinyamaza,
kisha sauti yake, ile anayowapimia wanaume suti:
"Kifua, kumi na tano na nusu."
Rula ya Sanga ilisema kumi na tano nukta tisa.
Milimita nne.
Unene wa kifungo cha koti.

"Shati halitafunga," akasema Ezelina.

Kulikuwa na kifupi pia, rafu ya chini, cha elfu thelathini.
Kingeenea, kingefunga, kingetosha
kwa mtu anayetaka kutosha.
Nilikitazama kama kijana anavyomtazama
mchumba aliyetafutiwa.

Nikalipa themanini, nikarudi kwa lori tupu
lililokuwa likifuata mbao, mnara mapajani,
dereva akiuliza kama ni kitu cha kanisani.

Usiku nikaweka pesti, punje moja ya njegere, si zaidi,
nikakaza skrubu kwa kukatisha, kona hii kisha ile ya mbali,
pumzi nimeibana kama anayemvisha mtoto aliyelala.
Ubavu wa kava haukurudi.
Ezelina akakata chandarua kikuukuu,
akakipinda ukingo, akatia lastiki,
akauvisha uwazi ule, vumbi la mbao lisiingie.

Nne nukta tatu. Saa nzima.
Nyuzi sabini na moja, na shangazi wa kina Mgaya
akainua kitenge chake hadi mwisho.

Sikumwambia Ezelina namba hizo. Hakuuliza.
Alikuwa amesogeza kigoda nyuma ya mashine,
pale unapotokea upepo wa uvuguvugu,
vidole kumi amevitandaza,
sindano ameibana midomoni.
"Hii," akasema, "haiwezi kuongezwa kidogo?"