Umeme Ulipokatika Rebolo

Umeme ulikatika saa mbili na robo.
Santuri ikajivuta, ikanguruma kama mlevi anayelazwa,
ikanyamaza katikati ya neno.
Ndipo Eliécer akabamiza dhumna yake ya sita mbili
akauliza swali ambalo hapa Barranquilla
limeshavunja posa tatu ninazozijua:
albamu gani, katika zote, imetugeuza zaidi?

Hapakuwa na ushahidi.
Spika zilisimama gizani, ndefu kuliko mlango wa kanisa,
na chui wake wa rangi za moto hakuonekana hata jino.
Ilibidi kila mtu aibebe albamu yake kinywani.

Wilfrido, fundi wa majokofu,
alitetea ile ya wapiga tarumbeta wa Nyuyoki,
yenye gari jekundu kwenye jalada.
Alipuliza ngumi, mashavu yakamvimba.
Kabla yake, alisema, besi ilikuwa mtumishi,
baada yake ikala meza moja na wenye nyumba.
Tena imeuza milioni.
"Hata dawa ya minyoo imeuza milioni," alisema Yamile.

Yamile alisimama na mwanamke mmoja na gita moja,
nyimbo tisa, dakika thelathini na moja.
Usiku alipoisikia aliandika barua ya kuacha kazi,
ya pili ya kuacha mume,
na kwa kuwa stempu ilibaki,
ya tatu kwa dada yake waliyenuniana miaka sita.
"Athari ni hiyo. Mengine ni kelele za wenye maduka."

Eliécer akakataa. Mtu mmoja si kipimo.
Tuwahesabu wezi, alisema:
albamu kubwa ni ile iliyoibwa na wengi
hata mwenyewe akipita haitambui mali yake.
Nikaona amesema la maana,
kisha akaliharibu kwa kuitaja albamu ya shemeji yake.

Mama alikuwa akimenya muhogo kwa mshumaa.
Hakutetea kitu. Alisema tu,
kama anayekumbusha bili ya maji:
"Ile ya marehemu."

Baba aliinunua kwa baharia, bandarini, mwaka wa mafuriko.
Alitoa redio, saa ya mkononi, na deni juu.
Usiku huohuo akaikwangua lebo kwa wembe
wapinzani wa mtaa wa pili wasijue ilikotoka,
jalada akalitia jikoni, likapika wali.
Amezikwa nalo jina, yeye peke yake.
Hatumjui anayeimba. Lugha hatuijui.
Tunajua upande wa pili, wimbo wa tatu,
mwanamume anashusha sauti, anarudia neno moja,
nasi tukasikia *kasa, Lala*.
Kasa kwetu ni nyumba.
Nyumba ya Lala! Mtaa mzima ukaitikia.
Ipo *sh* fulani humo katikati, laini kama ufagio,
midomo yetu haikuiweza, tukaiacha nje.
Mwaka ule Rebolo walizaliwa kina Lala kumi na mmoja.
Mmoja ana duka la viatu, mmoja yuko gerezani,
mmoja ni mimi.

Sikusema kitu.
Nani aliye shahidi wa jina lake mwenyewe?

Saa tatu kasoro jokofu likakohoa.
Sindano ilikuwa palepale tulipoiacha.
Santuri ikajikokota, sauti nzito ikapanda, ikawa ya mtu,
ikamalizia neno lililokatika: *lala*.
Anaimba polepole yule bwana, polepole sana,
kama anayerudisha mlango asimwamshe aliye ndani.
Sisi tukaruka. Tukapiga makofi, mbwa akabweka,
Yamile viatu mkononi, Wilfrido jasho hadi mgongoni,
na chui kwenye spika akitetemeka meno yote.

Mama aliuliza nani anakula.
Eliécer hakuinuka. Alizipanga upya dhumna zake,
akasema kesi haijaisha,
na zamu ni yangu.